UZITO WA SINGE NDANI YA ALA YAKE

Katika makala hii nataka kueleza jambo dogo ambalo nilidhani nalijua tangu utotoni, kumbe sikulijua mpaka liliponikata mguu. Jambo lenyewe ni uzito wa kisu kikiwa ndani ya ala yake: jinsi unavyogeuka kwa mchukuaji na kwa mtumiaji, ingawa kwenye mzani haugeuki hata kidogo. Nitatumia zaidi mfano wa singe, yaani kile kisu kinachofungwa mbele ya mtutu wa bunduki, kwa kuwa askari wa nchi nyingi wameivaa kiunoni kwa miaka mingi na vipimo vyake vinajulikana. Lakini shabaha yangu ni panga la shuleni, na mwishoni nitarudi kwake. Mapema niseme wazi kwamba siandiki ili mwanafunzi yeyote avae kisu. Kisu ni chombo cha kazi, na mahali pake ni kazini.

Muhula uliopita, siku ya kazi za shamba, kila mwanafunzi wa kidato chetu aliambiwa aje na panga au jembe. Mimi hukaa Tandika, na hapana budi nipande daladala kufika shuleni. Nililivingirisha panga katika gazeti, nikalitia katika mfuko wa kiroba, nikaushika mkononi. Mama aliniuliza kwa nini silitafutii ala. Nikamjibu, "Ala itaniongezea uzito bure, mama." Daladala ilikuwa imejaa, nami nilisimama. Dereva alipofunga breki kwa ghafla, mfuko ulibembea mbele na kurudi, ncha ikatoboa gazeti na kiroba, ikanikata muundi wa mguu wa kushoto. Nilishonwa nyuzi nne. Maumivu nimeyasahau. Nisilolisahau ni kwamba kando ya mguu wangu palikuwa na mguu wa mtoto wa darasa la pili, umbali wa shubiri moja tu, naye alikuwa akinitazama bila kujua lililomkosa.

Jioni alikuja kunipa pole jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu jeshini, ambaye alikuwa kijana katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979.

"Shikamoo babu," nikamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia umepigana na panga lako mwenyewe, nalo limeshinda."

Nilimweleza habari ya ala na uzito. Akacheka, kisha akaniuliza panga lina uzito gani. Nikasema labda nusu kilo. Akasema, "Nusu kilo ya wapi? Ya dukani au ya njiani? Mzani haujui kutembea, mjukuu wangu. Kama unataka kujua uzito wa kisu, muulize mtu aliyetembea nacho."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Nilipopona niliyapeleka kwa mwalimu wetu wa Fizikia, naye akatupa ruhusa, mimi na wenzangu watatu, tuyachunguze kwa vipimo. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Singe ni nini

Neno lenyewe lina somo ndani yake. Wahindi huiita singe *sangin*, na inaonekana neno letu lilitujia kwa njia hiyo kuvuka bahari. Kwa Kiajemi, neno hilo hilo *sangin* maana yake ni "-zito", kwa kuwa *sang* ni jiwe. Basi kila tusemapo "singe" twataja uzito bila kujua.

Atakaye kuiona na apande gari la Posta. Pale penye Sanamu ya Askari, katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, amesimama askari wa shaba, bunduki yake ina singe mbele, naye ameielekeza upande wa bandarini. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wengi hupita wakitazama uso wake. Safari hii mimi nilitazama mkono wake wa kushoto, ule ulio mbele, na hapo chini nitasema kwa nini.

Singe iliyojulikana sana katika majeshi ya Kiingereza zamani hizo ni ile ya mwaka 1907. Bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimita 43, na pamoja na mpini ilifika sentimita 55. Uzito wake, bila ala, ulikuwa karibu gramu 467, pungufu kidogo ya nusu kilo. Ilifanywa ndefu kwa sababu bunduki ilikuwa imefupishwa. Bunduki fupi ya Lee-Enfield ilikuwa na urefu wa sentimita 113 tu, na wakubwa wa jeshi waliogopa kwamba askari wao atafikiwa na adui mwenye bunduki ndefu kabla yeye hajamfikia. Kwa hiyo walirefusha kisu kufidia. Hawakuwa na wazimu, maana bunduki yenye singe ni mkuki, na nguvu ya mkuki nchi hii inajulikana. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, na silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Kambi ya jeshi ya Lugalo hapa Kinondoni imechukua jina la mahali hapo.

Lakini mkuki huchukuliwa mkononi, na singe hushinda kutwa nzima kiunoni. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Uzito wa mzani

Tuanze na ule uzito ambao mzani waujua. Gramu 467 si kitu kwa mtu mmoja kwa dakika moja. Lakini vitani hakuna mtu mmoja. Askari 1,000 wakivaa singe hizo, visu peke yake ni kilo 467. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zamani ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Gawanya: singe za askari 1,000 ni mizigo ya wapagazi 17.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya nchi hii vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu, maana mbung'o waliua farasi na nyumbu, na njia za magari zilikuwa chache. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo, likiisha kutamkwa kwa ulimi wetu, ndilo Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na kwa chakula kibaya kuliko kwa risasi. Kila kilo iliyotiwa safarini ilikuwa na shingo ya mtu chini yake. Kwa hiyo mtu akisema "gramu chache si kitu," na aende Kariakoo siku moja akalifikiri jina lile.

Uzito wa mahali

Sasa tuje kwenye yale ambayo mzani hauyajui. La kwanza ni mahali uzito unapokaa mwilini.

Mwaka 1986 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu nchini Kenya. Wajaluo walibeba mizigo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Wataalamu walipima pumzi zao, maana hewa mtu anayotumia huonyesha nguvu anazotumia. Wakaona kwamba wanawake hao waliweza kuchukua mzigo uliofika sehemu moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Askari wenye mizigo ya mgongoni hawakuweza hivyo. Siri ni mwendo waliouzoea tangu utotoni na mahali mzigo unapokaa.

Kinyume chake ni uzito uliofungwa mguuni. Huo huchosha mara kadhaa kuliko uzito ule ule ukiwa kiunoni, kwa sababu mguu huinuliwa, hutupwa mbele na kusimamishwa kwa kila hatua, na mzigo wake nao hufanyiwa hivyo hivyo. Kiuno hakitupwi, chasafiri taratibu.

Singe basi iko mpakani. Imefungwa kiunoni, lakini ncha ya ala yake yafika karibu na goti. Sehemu ya juu ni mzigo wa kiuno, na sehemu ya chini imekaa kando ya paja linalokwenda na kurudi. Je, italifuata paja au kiuno? Jibu lategemea jinsi ilivyofungwa.

Uzito unaobembea

Ala inayoning'inia kwenye mkanda ni pendulamu. Kila pendulamu ina mwendo wake wa asili: ikiwa ndefu hubembea polepole, ikiwa fupi hubembea upesi, na uzito haubadilishi mwendo huo. Tulichukua ubao mwembamba wa sentimita 55, tukautoboa juu na kuuning'iniza kwenye msumari. Mibembeo 20, kwenda na kurudi, ilichukua sekunde 24, yaani mbembeo mmoja sekunde 1.2. Ubao wa sentimita 30 ulimaliza mibembeo 20 kwa sekunde 18, yaani mmoja sekunde 0.9.

Sasa hesabu hatua. Mtu akitembea kwa hatua 100 kwa dakika, tangu mguu wa kulia ukanyage mpaka ukanyage tena hupita sekunde 1.2. Ni muda ule ule wa ubao mrefu!

Kila aliyemsukuma mtoto kwenye bembea anajua maana yake. Ukisukuma wakati usiofaa, bembea husita. Ukisukuma kila inaporudi, hupanda juu kwa nguvu ndogo sana. Hivyo ndivyo kiuno kinavyoisukuma ala ndefu kwa kila hatua, katika wakati wake, nayo huongeza mbembeo mpaka yalipiga paja. Niliufunga ubao mrefu mkandani kwa kamba legevu nikazunguka uwanja wa mpira mara nne. Mzunguko wa kwanza nilicheka. Wa nne sikucheka tena, maana nilikuwa nimeushika ubao kwa mkono bila kukusudia. Nilipouleta ule mfupi ulinigonga kidogo, lakini haukufuata hatua zangu. Nilipoubana ule mrefu juu na chini, usiweze kubembea, niliusahau kabisa.

Nilipomhadithia mzee, alitikisa kichwa. "Ndiyo hiyo," akasema. "Askari hachoshwi na singe. Huchoshwa na kuishika." Tazama hesabu yake ilivyo sawa: mkono mmoja unaolinda ala isipige paja ni mkono usiofanya kazi nyingine, na mtu anayekimbia na mkono mmoja umefungwa hukimbia vibaya. Gramu 467 zimemnyang'anya mkono.

Hata Wamasai wameliona jambo hili. Sime yao, tunayoiona kiunoni mwa walinzi wengi wa Mikocheni na Masaki, haining'inii. Ala yake ya mti uliovikwa ngozi nyekundu hubanwa na mkanda. Na jambia la Waomani, ambalo wazee wa Unguja walilivaa siku za heshima, hukaa mbele ya tumbo, limebanwa imara, mahali ambapo mapaja hayalifikii. Watu hawa hawakuwa na maabara. Walikuwa na njia ndefu, nazo zikawafundisha.

Uzito wakati wa kutumia

Singe ikichomolewa na kufungwa mbele ya bunduki, uzito wake hugeuka tena. Hapo ndipo nilipoutazama ule mkono wa kushoto wa askari wa shaba.

Tuseme mkono wa kulia umeshika bunduki nyuma, na wa kushoto uko sentimita 40 mbele yake. Tuseme pia kitovu cha uzito cha singe, yaani mahali ambapo ingelala sawa juu ya kidole, kiko sentimita 45 mbele ya mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto sasa ni egemeo la wenzo. Uzito wa singe wavuta chini mbele, kwa hiyo mkono wa kulia hauna budi kukandamiza chini nyuma ili bunduki isiiname. Momenti ya mbele ni kilo 0.467 mara sentimita 45, yaani 21. Gawanya kwa 40: mkono wa kulia wakandamiza kwa nguvu ya kilo 0.53 hivi. Na mkono wa kushoto, ulio katikati, wachukua vyote viwili: uzito wa singe na ule mkandamizo. Jumla yake ni karibu kilo moja. Nusu kilo ya kiunoni imekuwa kilo moja mkononi, bila mtu kuongeza hata msumari!

Asiyeamini na achukue fagio la mti mrefu, aning'inize pakiti ya sukari ya nusu kilo kwenye ncha, alishike kama bunduki kwa dakika tatu. Kisha pakiti hiyo hiyo aitie mfukoni.

Kwa sababu kama hizi urefu wa singe ulipungua. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliitolea bunduki yao mpya singe nyembamba kama msumari mkubwa, ya sentimita 20 na gramu 200 hivi. Ilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini haikuwa na makali. Haikuweza kukata kamba, wala kufungua kopo, wala kuchonga kigingi cha hema, na hizo ndizo kazi ambazo askari hufanya na kisu kila siku. Wepesi peke yake haukutosha.

Bunduki ya Kichina ya Type 56, ambayo imeenea sana katika Afrika, nyingi zake zilifuata njia nyingine: singe imefungwa moja kwa moja chini ya mtutu, hukunjwa na kukunjuliwa. Haihitaji ala wala haipotei, lakini uzito wake haushuki kamwe kiunoni. Mchana na usiku uko mbele, pale pale unapochosha mkono.

Njia iliyonipendeza zaidi ni ya singe ya bunduki ya Kirusi iitwayo AKM. Bapa lake ni la sentimita 15 hivi, na kisu na ala yake pamoja havifiki nusu kilo. Katika bapa kuna tundu, na kwenye ala kuna kichwa cha chuma. Ukivitia pamoja vinakuwa mkasi wa kukatia waya. Hapa ala si mzigo unaofuatana na kisu. Ala ni nusu ya chombo.

Panga si singe

Mtu asije akadhani kwamba uzito ulio mbele daima ni kosa. Singe huchoma, kwa hiyo yataka kutii mkono upesi. Panga hukata kwa kutupwa, na kinachokata ni uzito unaokwenda mbio. Tulilipima panga la stoo ya shule maabarani: gramu 540. Tulipoliweka juu ya kidole lililala sawa sentimita 13 mbele ya mpini. Lingekuwa na uzito mpinini lingekuwa rahisi kulishika, na tungetokwa jasho bure shambani, maana tungelazimika kufanya kwa misuli kazi inayofanywa na chuma. Sime nayo ndivyo ilivyo: bapa lake hupanuka kuelekea nchani kwa sababu hiyo hiyo.

Basi fundi wa panga ametuachia chombo ambacho uzito wake uko mbele kwa makusudi. Tukiwa kazini ni rafiki. Tukiwa njiani, uzito ule ule, mahali pale pale, huielekeza ncha chini na mbele, tayari kutoboa gazeti. Panga haliwezi kujua kwamba kazi imekwisha. Ala ndiyo inayoliambia.

Ala yapasa iweje

Mzee alinipa masharti manne, nasi tukayajaribu.

La kwanza, mdomo wa ala ubane. Ukipindua ala, kisu kisianguke, lakini kitoke kwa mkono mmoja huku mwingine ukiishika ala. Ala nyepesi isiyofungwa popote hufuatana na kisu unapokivuta, kisha huachia kwa ghafla, na hapo ndipo watu hukatwa vidole. Anayechomoa ashike ala kwa nje, vidole visivuke upande wa makali.

La pili, ncha ya ala iwe ngumu kuliko pengine pote, maana uzito wote wa kisu hugonga hapo ala inapoanguka au gari linapofunga breki.

La tatu, pawe na tundu dogo chini la kutolea maji. Sisi wa pwani twaishi katika hewa yenye unyevu na chumvi. Ala ya ngozi ni nyepesi na haipigi kelele, lakini hunywa unyevu na kuula chuma kwa kutu, kwa hiyo panga lisilale ndani yake majuma mengi. Ala ya chuma ni imara, lakini ni nzito, hulia, na huyaua makali. Mti ni mwepesi, ila hupasuka.

La nne, ala iwe na mahali pawili pa kufungia, juu na chini, isibembee.

Kwa fedha zetu wanafunzi tulichagua bomba la maji la plastiki la inchi 2. Tulilikata urefu wa bapa la panga na sentimita 2 zaidi, tukalilainisha kwa maji ya moto mbele ya mwalimu, tukalibana kati ya mbao mbili mpaka lilipopoa likiwa bapa. Tusilichome kwa moto, maana moshi wa plastiki ni sumu. Fundi viatu wa sokoni Tandika aliifunga ncha kwa ribiti, akaacha tundu la maji, akatutilia kanda mbili za mpira wa tairi la ndani. Ala yote ilikuwa gramu 160.

Panga na ala sasa ni gramu 700, na kitovu cha uzito kimesogea mbele sentimita 2 hivi. Kwa mzani, mama alikosea na mimi nilipata: ala imeongeza uzito. Lakini nimetembea nalo kutoka nyumbani hadi kituoni, nimelishika pale lilipolingana, na mkono haukuchoka kama siku ile ya gramu 540, kwa sababu sikuwa na haja ya kulinyanyua mbali na mguu, wala kuliangalia kila hatua, wala kumwogopea aliye mbele yangu. Uzito mkubwa wa panga lisilo na ala ni woga wa kulichukua, na huo mzani haujui kuupima. Ndani ya daladala hukaa nimelisimamisha kati ya miguu yangu, ncha chini, mpini juu, mkono wangu juu ya mpini.

Siku ya shamba iliyofuata, mapanga 12 ya kidato chetu yalikuja na ala. Baadhi zilikuwa za bomba kama langu, mbili za mpira wa tairi, na moja ya boksi nene lililozungushiwa kamba, ambayo si imara lakini ni bora kuliko gazeti. Tumewaachia stoo kipande cha bomba kilichobaki na zile mbao mbili za kubania. Wazazi watakaosoma makala hii nawaomba wamuulize mtoto, kabla hajatoka mlangoni na panga, swali lile aliloniuliza mama. Na mwanafunzi asijibu kama nilivyojibu mimi.